Baba wa Kampuni

London, 6 Oktoba 1957

Dada yangu mpenzi Hanna,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Mika na sauti yake ya kwaya, nawasalimu watoto mmoja mmoja. Bibi mpe shikamoo yangu mkononi kabisa, umshike vidole kama ninavyomshika mimi. Huku mimi ni mzima. Koti ulilonishonea limezeeka kabla ya mwenye koti, ila bado linanifaa. Mama mwenye nyumba ananipikia viazi kila siku ya Mungu. Nikirudi usinionyeshe kiazi, nipe loshoro ya mahindi na maziwa mgando mpaka niombe msamaha.

Sasa neno lenyewe. Mwaka huu ndio wa mwisho wa digrii yangu ya sheria, na kila mwanafunzi anachagua somo la kulichimba kuliko mengine. Najua Baba mdogo Sumari anangoja kusikia nimechagua sheria ya ardhi. Sikuichagua. Nimechagua sheria ya makampuni.

Usiniite mjinga bado. Sikusahau mwaka wa hamsini na moja, watu wetu walipotolewa Engare Nanyuki na nyumba zikateketea. Lakini ardhi ina wasemaji, wamejitokeza wengi na wanasema vizuri. Wewe angalia mjini Arusha: nani ana ghala, nani ana lori, nani anapanga bei ya maharage yetu? Kila kibao cha mlangoni kimeandikwa kampuni. Sisi tukitaka kufanya jambo pamoja tunamchagua mtu mmoja, tunamwamini, kisha anazeeka, anakufa, na jambo linazikwa naye. Wenzetu wamepata mtu asiyekufa, na mimi nataka kujua wanampataje.

Mwambie Baba mdogo taratibu, akiwa ameshiba. Najua ndiye anayenitunzia kihamba cha marehemu baba, na kahawa ya kihamba hicho ndiyo inayonilipia chumba. Namheshimu, lakini kwa hili sirudi nyuma.

Mdogo wako,
Elinami


Nkoaranga, 3 Novemba 1957

Mdogo wangu Elinami,

Barua yako imefika na tumeisoma mimi na Mika mpaka ikachoka. Bibi amesema marahaba, kisha akauliza huyo mama wa viazi ana mume au hana. Usinijibu mimi, mjibu yeye. Watoto wamepona surua, ng'ombe mweusi amezaa jike, na kahawa imeiva yote kwa mkupuo mmoja, hata vidole vyangu havitaki kushika kalamu.

Baba mdogo nilimwambia akiwa ameshiba, kama ulivyoagiza. Shibe haikusaidia kitu. Alisema, "Nimemlea mtoto wa ndugu yangu aje atetee ardhi, kumbe anataka kuwa karani wa duka?" Akachukua fimbo yake akaenda zake.

Ila Mungu ana mambo yake. Unajua kaya ishirini tumekuwa tukichanga pesa za kahawa tupate lori letu, maana ndizi zinatuozea barabarani tukimngoja mfanyabiashara wa mjini, na akija anatupa bei ya huruma. Sasa zimetosha. Tulikwenda Arusha kwa wakili, Bwana Vinod, atuandikie hati. Akasema lori msiliandike kwa jina la mtu mmoja, mtagombana, andikisheni kampuni. Mzee Lomayani akamwuliza kampuni ni nini. Bwana Vinod akajibu, "Mzee, kisheria ni mtu."

"Mtu wa rika gani?" akauliza Lomayani.

Tukarudi nyumbani na swali letu. Sasa hata Baba mdogo anasema, basi huyo karani wa duka atueleze. Kikao ni kabla ya Krismasi. Andika kwa maneno ya watu, Mika ataisoma nje ya kanisa baada ya ibada. Wazee wanataka hasa kujua mtu huyo amezaliwa na nani, kwa sababu mtu asiye na baba hawajui wamkalishe wapi.

Dada yako,
Hanna


London, 20 Novemba 1957

Dada Hanna, na ninyi wazee wangu mtakaosikia haya,

Shikamooni. Kwangu ni baridi na ukungu, lakini barua yenu imenipa joto. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nimefurahi pia, tena sana, kwamba kitu ninachokisoma kwenye vitabu kimetembea chenyewe hadi Nkoaranga.

Bwana Vinod amewaambia kweli. Kampuni ni mtu, ila hana mwili. Ana jina lake. Anaweza kununua, kuuza, kudai na kudaiwa. Akishtakiwa anashtakiwa yeye, si ninyi. Mmoja wenu akifariki, yeye hafi. Mtoto wa marehemu anakaa mahali pa mzazi wake na kazi inaendelea. Chagueni wachache wa kumwendeshea mambo yake, nao ndio wakurugenzi. Msiogope kabisa, andikisheni.

Kuhusu baba yake, Baba mdogo Sumari asisumbuke kutafuta mbali: baba ni yeye! Kwani kuna mwenye sauti kubwa kuliko yake katika mlima mzima? Basi amtafutie mtoto jina, achinje mbuzi, na amtemee mate ya baraka kama mtoto mwingine yeyote wa Kimeru.

Nawatakia kikao chema. Mtihani wangu ni Juni, niombeeni.

Mtoto wenu,
Elinami


Nkoaranga, 12 Januari 1958

Mdogo wangu,

Mwaka mpya umetukuta wazima. Bibi anakohoa kidogo. Mika ameanza kufundisha nyimbo za Pasaka.

Barua yako ilisomwa na watu wakapiga makofi. Mbuzi alichinjwa. Kampuni imeandikishwa, na Baba mdogo ndiye mkurugenzi mkuu. Lori limekuja, ni jekundu.

Nina swali moja. Kwa sheria ya huko, mtoto ambaye bado hajajitegemea, mali yake iko mikononi mwa nani? Nijibu hilo tu.

Dada yako,
Hanna


London, 2 Februari 1958

Dada Hanna,

Salamu kwa wote, na Bibi mchemshie asali na ndimu. Mimi mwilini sijambo.

Nilimaliza barua yako nikageuza karatasi kutafuta upande wa pili, nikakuta peupe. Tangu lini Hanna akaandika barua isiyomsengenya hata jirani mmoja? Lori umeniambia ni jekundu. Hukuniambia linabeba nini. Baba mdogo nimemwandikia mara mbili na hajajibu.

Swali lako lina jibu fupi. Huku mali ya mtoto ni ya mtoto, hata akiwa bado anabebwa mgongoni. Mzazi anamshikia tu. Lakini wewe huna shida na watoto wa Wazungu. Unanificha kitu. Unadhani unanilinda kwa sababu ya mtihani, kumbe nikifungua kitabu sioni maandishi, naona huo upande mweupe wa karatasi yako.

Niandikie kama dada yangu, siyo kama karani wa boma.

Elinami


Nkoaranga, 9 Machi 1958

Elinami,

Mvua zimeanza mapema, barabara ya huku juu ilikatika, ndiyo maana barua yako imelala posta. Bibi amepona. Watoto wanakula. Mazuri yameishia hapo.

Nilinyamaza kwa ajili ya mtihani wako, na pia kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Uliandika kwamba Baba mdogo ndiye baba wa kampuni, ukacheka peke yako chumbani kwako. Mika aliisoma ile barua kama anavyosoma waraka wa mtume, sauti ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, na kicheko chako hakikusikika. Watu walisikia neno la mwanasheria wao aliyeko Ulaya. Baba mdogo alisimama, machozi yakimlengalenga, akaitemea mate ya baraka karatasi ya serikali.

Na kwetu unajua. Mtoto ambaye baba yake hajamkatia kihamba hana chake. Akipewa mbuzi, akipewa ndama, viko mkononi mwa baba, naye anavitumia anavyoona bila kuulizwa. Baba mdogo hakuiba kitu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mwizi ningejua la kumfanya. Huyu anaamini kabisa ana haki, na wazee wanaamini pamoja naye, kwa sababu wewe umesema.

Lori sasa linalala mjini, Daraja Mbili, kwa mwanawe. Linabeba mchanga na mawe ya watu wanaojenga Sakina na Levolosi. Sisi tunasimama barabarani na mikungu yetu, lori letu linapita limejaa mchanga, na dereva anatupigia honi ya salamu.

Mwezi uliopita sikumpisha. Niliweka mkungu katikati ya barabara nikaukalia. Akafunga breki, akatoa kichwa nje.

"Mama, toka hapo! Nitakugonga bure!"

"Nigonge," nikamwambia. "Utakuwa umenigonga kwa kahawa yangu mwenyewe."

Wenzangu wakaja wakakaa pia, mmoja baada ya mwingine, na mikungu yao. Tulikaa mpaka Baba mdogo akaitwa. Hakunipigia kelele, alinitazama tu, na ni afadhali angenipigia kelele. Nikapelekwa kwenye kikao cha ukoo, nikaambiwa nimemzuia baba kutumia mali ya mtoto wake, nikatozwa mbuzi. Nimemtoa. Kesho yake nilirudi barabarani na mkungu mwingine.

Bwana Vinod anasema twende mahakamani, tutashinda asubuhi na mapema. Nikamwuliza, nikishamshinda aliyenilea, nitakula Krismasi kwa nani? Jambo hili lilianzia kwenye kikao na litaishia kwenye kikao.

Kuna lingine. Baba mdogo amesema mbele ya wote kwamba somo linalowafanya wanawake wakae barabarani ni somo baya. Uliache uchukue ardhi, au upande meli urudi. Ukikataa, kahawa ya kihamba haitakufikia tena. Kikao kikubwa ni baada ya Pasaka. Nipe neno la kupeleka pale. Na safari hii usicheke.

Hanna


London, 24 Machi 1958

Dada Hanna,

Nawasalimu wote, na wa kwanza ni wale waliokaa juu ya mikungu. Nimeona aibu mpaka chakula kimenishinda, hata kama ni viazi. Una haki ya kunikasirikia.

Kwanza niliandika karatasi nyingi zenye vifungu vya sheria, nikazichana. Baba mdogo hatashindwa na kifungu, atasema ni maneno ya Wazungu na atakuwa sahihi. Nikajiuliza: je, kwetu hakuna mtu anayeshika mali isiyo yake, akaichunga, akaona haya kuigusa? Nikamkumbuka. Mpe Mika haya yafuatayo ayasome taratibu, kwa sauti yake ileile ya waraka. Leo ndiyo ninayoitaka.

*Baba mdogo Sumari, shikamoo. Wazee wangu wote, shikamooni.*

*Niliandika kwamba kampuni ina baba. Ulikuwa mzaha, haukuwa na mahali pake, naufuta mbele yenu. Kampuni haina baba wala mama. Siku inapoandikishwa tayari ni yatima. Lori si la Baba mdogo. Si la dada Hanna pia. Hata mkisimama kaya zote ishirini pamoja, lori si lenu. Ni lake mwenyewe. Ninyi ni ukoo wake, mmemkusanyikia. Na mkurugenzi mliyemweka mbele ni mlezi wa yatima.*

*Majaji wa huku wameandika vitabu vizito kusema jambo ambalo kwetu kila mtu analijua: mlezi hali ng'ombe wa yatima. Hamkamui kwa ajili ya watoto wake. Hamwazimishi kwa rafiki. Siku ukoo ukimwuliza, anafungua zizi wanaingia.*

*Baba mdogo, baba alipofariki alituachia ng'ombe wachache, na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Wewe ulikuwa na watoto wako. Nakumbuka ulivyowatuma na kibuyu kwenda kuomba maziwa kwa jirani, wakati ng'ombe wa baba walikuwa zizini mwako wanakamwa kwa ajili yangu na Hanna. Nilikunywa mimi maziwa hayo, na watoto wako wakinitazama. Nilipokua ulinikabidhi wote na ndama zao. Katika vitabu vyote nilivyosoma sijakutana na mkurugenzi kama wewe.*

*Somo langu siliachi. Kahawa isipokuja nitaosha vyombo hotelini, na nitalimaliza. Kwa hiyo usinijibu kuhusu somo. Nijibu hili tu: huyu yatima wa sasa amekukosea nini?*

Hayo ndiyo yote, dada. Sina jingine.

Elinami


Nkoaranga, 4 Mei 1958

Mdogo wangu mpenzi Elinami,

Sisi wazima wote, na Bibi anakusalimu kwa nguvu mpya. Mvua imetupa maharage mengi. Mika amepata homa ikamwacha, ila sauti ilibaki, na ni bahati, kwa sababu tuliihitaji.

Aliisoma barua yako neno kwa neno. Alipofika kwenye kibuyu, mtoto mkubwa wa Baba mdogo, huyu anayekaa na lori Daraja Mbili, aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa. Mika alipomaliza kusoma, Mzee Lomayani akasema, "Kama ni yatima, sisi tulikuwa tunamtoza Hanna mbuzi wa nini?"

Baba mdogo alichukua fimbo yake akatoka. Nilijua nimempoteza. Nililia njia nzima, Elinami, nakwambia ukweli. Nilitaka lori, lakini sikutaka kumwona akitoka vile.

Kesho yake lori lilipanda mpaka kanisani. Limefagiwa, halina punje ya mchanga. Yule mwanawe akampa Mika ufunguo. Watu wakashangilia. Mimi nikaenda kwa Baba mdogo, nikakuta nyumba imefungwa. Zizi liko wazi, na mtamba wake mwekundu, yule anayemsifia kwa kila mgeni, hayupo.

Tulikuwa bado tunamtafuta Baba mdogo, Bwana Vinod akatuma mtu mbio: njooni mjini, kuna ng'ombe ofisini kwangu.

Nilishuka na lori. Barabara yote imejaa watu. Baba mdogo amesimama mbele ya mlango wa wakili, ameshika kamba ya mtamba, tope mpaka magotini. Alitembea tangu alfajiri. Mama yake Bwana Vinod, Mama Sharda, amekwisha teremka kutoka ghorofani na anamlisha mtamba chapati mkononi, akimgusa paji la uso kwa heshima ya Kihindu kama anayemkaribisha mgeni. Bwana Vinod amebana makaratasi kwapani na hajui aanzie wapi.

"Mzee, nashukuru sana," alikuwa akisema, "lakini mimi nitamweka wapi?"

"Sikukuletea wewe," Baba mdogo akamwambia. "Nilimwuliza Mika kampuni inakaa wapi, akaniambia kwenye karatasi imeandikwa nyumba yake ni hapa. Yatima analipwa nyumbani kwake. Nimekula vyake, nimemletea mwenyewe. Wewe shuhudia tu."

Bwana Vinod akaingia ndani, akatoka na muhuri wa kampuni, akaupiga kwenye karatasi aliyoandika kwamba kampuni imepokea mtamba mmoja, akampa Baba mdogo kwa mikono miwili. Baba mdogo hajui kusoma. Aliikunja karatasi vizuri akaiweka ndani ya shati.

Ndipo akaniona. Tulikuwa hatujatazamana tangu siku ya mkungu.

"Shikamoo, Baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Alisema mwanangu.

Tukampandisha mtamba kwenye lori, tukamfunga. Nikamwambia Baba mdogo apande mbele, akae karibu na dereva. Akakataa.

"Lori la yatima mimi sipandi bure," akasema, "na nauli sina."

Nilimsihi. Dereva akamsihi. Bwana Vinod akatoa pesa mfukoni, Baba mdogo akamtazama na yeye akazirudisha. Basi lori likaondoka na mtamba, kwa sababu mtamba ni wa kampuni, na mimi nikashuka nikatembea na Baba mdogo.

Tulipofika Tengeru alikaa kidogo kando ya njia, akavua viatu, akaniuliza mtihani wako ni lini. Nikamwambia ni mwezi ujao. Akasema, "Kahawa nitaipeleka kesho. Mwambie huyo asithubutu kuacha."

Kisha akavaa viatu tukaendelea.

Dada yako,
Hanna